Skii Ngumu na Pana Zinapogoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho kwa Milima Mikubwa na Theluji ya Unga

Malalamiko kuhusu skii ngumu na pana hufanana sana. Mtu hununua jozi yenye kiuno cha milimita 112, urefu wa sentimita 189 na matabaka mawili ya Titanal ndani yake, kwa sababu amewaona watelezaji hodari wakishuka kwenye miteremko mikali kwa kasi bila skii zao kutikisika. Wiki mbili baadaye anasema jozi hiyo haitaki kugeuka, na tayari anatafuta nyingine iliyo laini. Nimeshika jozi nyingi za namna hiyo kwenye benchi la kazi, na nyingi hazikuwa na kosa la ugumu hata kidogo. Kosa lilikuwa kwenye kingo, kwenye buti, mahali kishikizi kilipofungwa, au katika namna mwenyewe alivyosimama juu yake. Kasoro inayobaki baada ya hayo yote kurekebishwa ndiyo inayoeleza kwa usahihi ni skii gani inayomfaa, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na dalili kabla ya kufika kwenye ununuzi.

Maneno machache yataeleweka hivi. Theluji ya unga, au unga tu, ni theluji laini na nyepesi ambayo haijashindiliwa. Kiuno ni sehemu nyembamba zaidi ya skii, ile iliyo chini ya buti. Kishikizi ni kifaa kinachoshika buti na kuliachia mtu anapoanguka. Titanal ni aloi ya alumini na haina uhusiano na titani, japokuwa jina linawapotosha wengi. Huwekwa kama bati jembamba juu na chini ya kiini cha mbao ili kuongeza uzito, ugumu na uwezo wa kumeza mitikisiko. Upinde ni ule mwinuko wa katikati unaoonekana skii ikilazwa sakafuni bila mzigo, na ncha iliyonyanyuliwa ni ile inayoanza kupanda mapema, mbali na mwisho wa skii.

Kabla ya kuilaumu skii

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kupanda mlimani. Laza skii kwenye viegemeo viwili, uso wa chini ukitazama juu, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba ukivuka ukingo wa chuma kuelekea nje. Ukingo mkali hukwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Ukingo butu huteleza tu. Halafu pitisha kipande cha pamba kwenye urefu wote wa ukingo, kutoka ncha hadi mkia. Pamba inaponasa na kuacha nyuzi, pana kijino cha chuma kilichobaki baada ya kunoa au baada ya kugonga jiwe. Kisha simamisha rula ya chuma iliyonyooka katika upana wa skii na uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga ukipita katikati, kingo ziko juu kuliko uso wa chini. Ukipita pembeni, uso wa chini umevimba kuliko kingo. Mwisho, funga buti tupu kwenye kishikizi, ishike skii kwa nguvu na ulitikise buti kwa upande. Kishikizi kikicheza juu ya skii, acha kila kitu kingine na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya vishikizi hapa chini.

Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu msimu mzima kwa kuruka hatua ya rula. Jozi ilikuwa mpya, kiuno cha milimita 116, nayo ilivuta kushoto kila nilipoilaza bapa kwenye theluji ngumu, kama mkokoteni wenye gurudumu lililopinda. Nilibadilisha soksi, nikakaza buti, nikasogeza kishikizi mbele sentimita moja. Siku niliyoweka rula, mwanga mwembamba kama uzi ulipita katikati ya uso wa chini kwa urefu wa karibu sentimita 40 mbele ya buti. Skii ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Mashine ya kusaga iliumaliza ugonjwa huo ndani ya dakika chache.

Dalili: mikia imenasa na skii haimalizi kona

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Mtelezaji anaanza kona, skii inaingia vizuri, halafu katikati ya kona inanyooka na kumpeleka asikotaka.

Kisababishi cha kawaida kabisa ni kuketi nyuma. Skii ngumu ina mkia mgumu pia, na mkia huo ukibebeshwa uzito hufanya kazi yake bila huruma: unashika njia moja na kuendelea nayo. Kipimo ni rahisi. Katika mteremko mpole, shuka huku ukihisi mfupa wa muundi wako ukigusa ulimi wa buti wakati wote. Ukigundua kwamba mguso huo unapotea katikati ya kona, umeshapata jibu, na hakuna skii utakayonunua itakayoliondoa tatizo hilo, isipokuwa tu kwamba skii laini italificha.

Kisababishi cha pili ni kasi ndogo kuliko ile ambayo skii ilitengenezewa. Skii nyingi za milima mikubwa zina mkato wa pembeni, yaani mbonyeo wa ubavu kati ya ncha na mkia, wenye nusukipenyo cha mita 25 hadi 30, ilhali skii za slalomu (mashindano ya kona fupi) hukaribia mita 13. Kwenye theluji ngumu kona hubana kadiri skii inavyolazwa kwenye ukingo: skii ya mita 28 ikilazwa kwa digrii 45 huchora kona yenye nusukipenyo cha mita 20 hivi, na ikilazwa kwa digrii 60 huchora yenye mita 14. Lakini mtu hawezi kujilaza kwa digrii 60 akiwa anatembea. Kasi ndiyo inayomshikilia asianguke ndani ya kona. Kwa hiyo anayeteleza polepole kati ya miti kwa skii ya namna hii anaomba kitu ambacho chombo hakikuundiwa, na atapaswa kuisokota kwa miguu kila kona. Hilo si ubovu wa skii.

Cha tatu ni kingo kali mno kwenye miisho. Skii mpya mara nyingi huja ikiwa imenolewa hadi karibu na ncha na mkia. Kwa skii ya theluji ya unga, chukua jiwe laini la kunolea na upunguze makali kuanzia pale skii inapoacha kugusa sakafu kuelekea mwishoni, halafu jaribu tena mlimani kabla ya kuongeza sentimita nyingine chache. Nenda taratibu, kwa kuwa chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kishikizi kilichofungwa nyuma mno hutokea mara chache zaidi. Skii za watelezaji wa kasi huwa na alama ya buti iliyo sentimita kadhaa nyuma ya kitovu halisi cha skii, na mtu aliyezoea kusimama karibu na katikati atahisi kana kwamba anasukuma mashua kutoka nyuma. Kishikizi chenye reli kikisogezwa sentimita 1 mbele huleta tofauti inayohisika. Sentimita 2 ni nyingi. Kishikizi kisicho na reli kitahitaji matundu mapya, na hiyo ni kazi ya fundi, kwa sababu tundu jipya halipaswi kukaribiana na la zamani.

Ukimaliza hayo yote na mkia ukabaki umenasa, ndipo utakapokuwa na haki ya kusema skii ni ngumu kuliko uzito wako. Simamisha skii mkia ukiwa sakafuni, shika ncha kwa mkono mmoja na usukume katikati kwa mwingine. Linganisha mbele na nyuma. Mtelezaji mwepesi, au anayependa kuvunja mwendo kwa kuupeleka mkia upande, anahitaji mkia uliolainishwa na ulionyanyuliwa kidogo, hata kama katikati ya skii itabaki ngumu.

Dalili: ncha zinazama kwenye theluji ya unga

Mapaja yanawaka moto kabla ya kufika nusu ya mteremko, ncha hazionekani, na kila baada ya kona chache mtu anajikuta ameingia kichwa mbele.

Anza na uzito. Kwenye theluji ngumu mtelezaji hukanyaga zaidi skii ya nje ya kona. Akifanya hivyo kwenye unga, skii moja huzama na nyingine huelea, na miguu hutengana. Skii zote mbili zinapaswa kubeba mzigo unaokaribiana, na kusimama kuwe katikati ya buti. Wengi hujaribu kutibu kuzama kwa kuegemea nyuma, na hapo ndipo mapaja yanapoungua, kwa sababu mtu anakaa kwenye kiti kisichokuwepo.

Kasi ndogo hufuata. Skii huinuka kwa sababu inasukumana na theluji inapokwenda mbele, kama ubao unaovutwa juu ya maji, na skii pana iliyosimama huzama kama nyingine yoyote. Katika mteremko mpole wenye theluji nzito, nyosha kwanza, upate mwendo, ndipo ugeuke.

Baada ya hapo kagua kishikizi kama kimesogezwa mbele ya alama. Kila sentimita inayosogezwa huondoa urefu mbele ya buti, na urefu huo ndio unaoelea.

Sababu ya ndani kabisa ni umbo. Skii ngumu yenye upinde kamili na ncha inayopanda kwa kuchelewa hujichimbia kwenye unga hata ikiwa na kiuno cha milimita 110, ilhali skii ya milimita 105 yenye ncha laini, pana na iliyonyanyuliwa mapema hupanda bila kuombwa. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa na namba moja. Shane McConkey, Mmarekani aliyeshuka miteremko ya Alaska kwa skii za majini, alilielewa jambo hilo mapema. Spatula, skii iliyotolewa na kampuni ya Volant mwaka 2002 kutokana na mawazo yake, ilipindwa kinyume cha desturi, ncha na mkia vikiwa juu na katikati chini, na kiuno kikiwa kipana kuliko miisho. Kwenye unga iliteleza upande kwa upande kama siagi. Kwenye njia ngumu ilikuwa adhabu. Skii za leo za milima mikubwa hukaa kati ya pande hizo mbili, na kila moja imechagua mahali pake pa kukaa.

Dalili: ncha zinapigapiga kwa kasi

Ikiwa ncha zinapepea hewani unaposhuka kwenye njia iliyosawazishwa lakini skii haipotezi mshiko chini ya buti, hakuna cha kutengeneza. Ncha iliyonyanyuliwa haigusi theluji ngumu hadi skii ilazwe kwenye ukingo. Inapepea kwa sababu haina kazi kwa wakati huo. Macho yanatishika kuliko miguu.

Ikiwa mtikisiko unafika hadi kwenye goti, angalia kwanza kama unakwenda na skii bapa mahali ambapo ungepaswa kuilaza. Kisha rudia kukagua kingo kwa rula, maana kingo zilizo juu au butu husababisha skii kushika na kuachia, kushika na kuachia. Kisababishi kinachofuata ni wepesi wa skii yenyewe. Skii zilizojengwa kwa nyuzi za kaboni na mbao nyepesi kwa ajili ya kupandia mlima kwa miguu zinaweza kuwa ngumu sana mkononi, na bado zikatetemeka kama bati la paa kwenye theluji mbaya, kwa kuwa ugumu na utulivu ni mambo mawili tofauti. Utulivu hutokana na uzito na vitu vinavyomeza mtikisiko: Titanal, mpira mwembamba juu ya kingo, mbao nzito kama mlivule wa Ulaya au mshita. Skii ya kilo 1.7 haiwezi kutulia kama ya kilo 2.3, hata mtengenezaji aandike nini kwenye tangazo.

Mara chache, mtikisiko ulioanza ghafla kwenye skii ya zamani humaanisha matabaka yameachana ndani. Gonga skii kwa kifundo cha kidole kutoka ncha hadi mkia. Sauti ikibadilika kuwa ya utupu, tazama pembeni kama kuna ufa.

Dalili: skii inatupwa huku na huku kwenye theluji iliyokatwakatwa

Mchana, baada ya watu wengi kupita, unga huwa marundo yaliyotenganishwa na mifereji. Hapa skii ngumu na nzito hustahili bei yake. Ikikushinda hapa, sababu kwa kawaida ni miguu iliyobanana na magoti yaliyonyooka, kwa kuwa skii inapogonga rundo hakuna kiungo cha kumeza pigo. Panua hatua, kunja vifundo vya miguu, uangalie mbali kuliko rundo linalofuata. Sababu ya pili ni ncha laini mno au pana mno kulinganisha na kiuno: rundo linaukamata upana huo wa mbele na kuupinda. Tatizo hilo halinoleki. Ni hoja ya kuchagua skii yenye mkato mdogo wa pembeni na ncha ngumu zaidi.

Dalili: haishiki kwenye theluji ngumu, na magoti yanauma

Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu mwili unahusika.

Buti la kawaida la kuteremkia, linalofuata kiwango cha ISO 5355, lina upana wa milimita 69 kwenye soli ya mbele. Skii yenye kiuno cha milimita 75 inatokeza milimita 3 tu kila upande. Skii ya milimita 115 inatokeza milimita 23. Skii ikilazwa kwenye ukingo juu ya theluji ngumu, nguvu yote ya ardhi inaingia kupitia ukingo ulio mbali na mstari wa mguu, na mguu unalazimika kupinga mkono huo wa wenzo kila sekunde. Kwenye unga hali hiyo haipo, kwa kuwa theluji inabeba upana wote wa skii. Kwa hiyo goti linalouma jioni baada ya siku nzima ya njia ngumu kwa skii pana halishangazi, na dawa ya kwanza ni kuacha kuzitumia skii hizo siku ambazo unga haupo.

Kuhusu mshiko wenyewe, kisababishi cha kwanza ni kingo butu, na skii za milimani hukutana na mawe mara nyingi. Cha pili ni buti lililolegea: mguu unageuka ndani ya buti kabla buti halijaigeuza skii, na kadiri skii ilivyo pana ndivyo ulegevu huo unavyoonekana. Toa buti laini la ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, usogeze vidole hadi viguse mbele. Nafasi nyuma ya kisigino ikizidi vidole viwili, buti ni kubwa, na skii haina hatia. Cha tatu ni pembe ya ukingo kwa upande wa uso wa chini. Digrii 1 inatosha kwa skii nyingi. Ikiwa mtu amenoa kwa miaka mingi bila kiongozi cha pembe na sasa imefika digrii 2, skii itahitaji kulazwa sana kabla ya kushika. Paka ukingo rangi kwa kalamu ya wino mzito, pitisha tupa mara moja ukitumia kiongozi cha pembe unayoitaka, uone rangi imeondoka wapi. Ikibaki upande wa nje, pembe iliyopo ni kubwa kuliko uliyokusudia, na njia pekee ya kuirudisha ni kusaga uso wote wa chini kwa mashine.

Acha kuteleza na umwone daktari ikiwa goti limevimba, limesikika likitoa mlio wakati wa kuanguka, linajifunga, au linakuangusha unapotembea. Kubadilisha skii hakutibu kano iliyochanika.

Dalili: skii inavuta yenyewe au inanasa bila kutarajia

Karibu kila mara ni kazi ya kinoleo. Vijino vya chuma huondolewa kwa jiwe laini lililolowanishwa, likipitishwa bapa. Kingo zilizo juu huhitaji mashine. Kuzishusha kwa tupa ya mkono kwenye skii pana kunawezekana, lakini ni kazi ya saa nyingi, na asiyezoea hutoa uso wenye mawimbi. Uso uliovimba katikati husababisha kinyume chake: skii inaogelea, haijui inakwenda wapi, na kingo hazifikii theluji.

Ikiwa skii inavuta kwenye unga tu, huku kwenye njia ngumu ikitulia, kinoleo hakihusiki. Skii yenye ncha ya milimita 145 na kiuno cha 108 ina mkato mkubwa, na ncha hiyo ikizama kwenye theluji nzito au chini ya gamba lililogandishwa na upepo, huigeuza skii kabla ya mwenyewe kuamua. Hapo unahitaji mkato mdogo zaidi.

Dalili: skii inanata na ni nzito kusukuma

Nta. Theluji ya baridi kali ina fuwele zenye ncha kali zinazochoma nta laini, na theluji ya kuyeyuka hunyonya uso usio na michirizi ya kupitisha maji. Tumia nta ya joto la siku hiyo, pasi iendelee kusogea wakati wote, na usimame pale upande wa juu wa skii unapoanza kuwa vuguvugu. Nta ikitoa moshi, pasi ina joto mno na unaunguza plastiki pamoja na gundi iliyo chini yake.

Dalili: kishikizi kinafunguka hovyo, au hakifunguki

Katika sehemu hii bisibisi yako ina kazi ndogo sana.

Kinapofunguka hovyo, kagua theluji na barafu chini ya buti kwanza. Kwangua soli, safisha kishikizi, jaribu tena. Kagua soli yenyewe: ncha na kisigino vilivyolika kwa kutembea juu ya mawe hubadilisha namna kishikizi kinavyoshika. Kagua kama buti na kishikizi ni vya aina moja, maana kishikizi kilichotengenezwa kwa soli za ISO 5355 pekee hakipokei soli zilizopinda za ISO 23223 wala za kupandia mlima za ISO 9523, hata kama kinafunga kwa mlio mzuri. Kisha kagua breki, ile mikono miwili ya kishikizi inayoshuka kuizuia skii buti linapotoka: breki nyembamba kuliko kiuno hukwama juu ya skii, na iliyozidi kiuno kwa zaidi ya milimita 15 hivi huburuta kwenye theluji unapojilaza.

Usiongeze namba ya DIN, yaani kipimo cha nguvu inayohitajika kukifungua kishikizi, kwa sababu umefunguka mara mbili. Namba hiyo hupatikana kwa jedwali la ISO 11088 kutokana na uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna mtu anavyoteleza, na kila ongezeko la kubahatisha linaupa mfupa wako kazi ya kishikizi. Ukiona skurubu imelegea, usiikaze tu na kuendelea. Inaweza kuwa imechana nyuzi zake ndani ya kiini. Kishikizi kinachocheza, skurubu inayozunguka bila kukaza, kisigino kisichorudi, au kishikizi ambacho hakikufunguka katika anguko lililostahili kukifungua: hayo manne ni ya fundi mwenye mashine ya kupimia, na skii isitumike hadi hapo.

Jambo moja dogo linalowatesa wengi. Kishikizi kikifunguka kwenye unga mzito, breki haisaidii, kwa kuwa skii huzama na kutoweka. Itafute juu ya mahali uliposimama, si chini. Kwa kawaida hubaki ulipoanguka, nawe ndiye uliyeendelea. Utepe mrefu wa rangi kali uliofungwa kwenye kishikizi na kuingizwa kwenye pindo la suruali hupunguza msako wa saa nzima kuwa wa dakika chache.

Majeraha ya skii na mahali pa kusimama

Mkwaruzo wa uso wa chini usiofika kwenye kiini unajazwa kwa plastiki iliyoyeyushwa nyumbani. Tundu linaloonyesha mbao au nyuzi za kioo lazima lizibwe mapema, kwani maji yakiingia na kuganda hupasua matabaka. Ufa wa pembeni kwenye ncha au mkia unaweza kukaushwa siku kadhaa, ukatiwa epoksi na kubanwa kwa vibanio. Ufa ulio chini ya buti, ukingo uliong'oka, au Titanal iliyopinda na kubaki imepinda, ni mwisho wa matumizi ya milimani. Skii ikikatika kwenye korongo lenye mwinuko wa digrii 45, hakuna sehemu laini ya kuangukia.

Tena, pana dalili ambazo si za skii. Theluji inayotoa mshindo mzito chini ya miguu au kupasuka nyufa zinazokimbia mbele yako ni onyo la poromoko, na mengi hutokea kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, yaani palepale ambapo skii hizi zinapendeza. Ondoka kwa njia uliyokuja nayo. Skii pana humfikisha mtelezaji wa kati mahali ambapo zamani wangefika wajuzi pekee, na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya redio ya kilohetsi 457 cha kumtafutia aliyefukiwa, ufito wa kuchomea theluji na koleo haviachwi nyumbani.

Dalili zikishaondolewa: kuchagua jozi inayofuata

Aliyebaki na mkia ulionasa achague mkia ulionyanyuliwa, abaki na kiuno chake. Aliyebaki na ncha zinazozama atazame umbo la mbele kabla ya upana, na urefu kabla ya vyote viwili. Skii yenye ncha na mkia vilivyonyanyuliwa hutelezeka kama fupi, hivyo kuzidi kimo chako kwa sentimita 5 hadi 10 hakumtishi mtu mwenye kasi. Aliyebaki na mtikisiko achague uzito. Aliyebaki na maumivu ya goti kwenye njia ngumu ashuke hadi milimita 98 au 102, na nadhani watu wengi zaidi wangefurahi huko kuliko wanavyokubali kusema. Kiuno cha milimita 115 na zaidi ni cha siku za unga mwingi kweli, na mtu mwenye jozi moja tu asianzie hapo.

Jozi mpya ikifika, weka rula kabla ya kutoboa matundu ya kishikizi, kwa sababu skii iliyotobolewa hairudishwi. Soma maandishi ya upande wa juu: skii zenye Titanal kwa kawaida hutobolewa kwa keekee ya milimita 4.1, zisizo na chuma kwa milimita 3.6, na kina cha milimita 9.5. Usipokuwa na kiolezo cha kishikizi hicho hasa, mpe fundi kazi hiyo.